Vita Vilivyonikwamia Mbele ya Baba Mkwe

Nimeadhirika leo. Tena mchana kweupe, tena mbele ya mtu ninayemwomba binti yake.

Wenzangu wa darasa letu, nawaandikia wote kwa pamoja kutoka duka la intaneti hapa Kariakoo ili nisimulie mara moja tu. Mara ya pili sitaweza. (Mwenye duka ananishangaa kwa nini nimekalia kiti upande mmoja. Tutafika huko.)

Rehema mnamjua, nilishawaandikia habari zake. Baba yake ni Mzee Kitwana, mwanajeshi mstaafu, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu Tandika. Mzee ana shida moja na mie: haelewi nafanya kazi gani. Kila Rehema akimwambia, "Saidi ni mtu wa kompyuta," anajibu, "Hiyo si kazi, hiyo ni televisheni yenye vitufe." Wiki iliyopita akakata shauri. Jumamosi saa nne asubuhi atapita mwenyewe nyumbani kwa shangazi yangu, aione hiyo kompyuta, halafu ndiyo aseme kama niruhusiwe kuleta posa.

Rehema akanishauri vizuri kabisa. "Mchapie barua, jina lake liwe juu kwa herufi kubwa. Atafurahi. Usiongeze kitu."

Barua! Mwanajeshi mzima nimwonyeshe barua? Na mie nina gemu la vita ndani! Binamu yangu wa Muscat aliniletea sidii yake. Unajenga miji, unafundisha askari, unapanga mashambulizi, na picha zake zinang'aa kama sinema. Nikamwambia Rehema, "Mwambie baba aje aone ninavyoongoza majeshi."

Sasa niwaeleze hiyo kompyuta. Ni ya mtumba. Haina kadi yake ya picha. Kidude cha picha kimejengwa humo humo kwenye ubao mkuu, na kikizidiwa kinaazima kumbukumbu ya kompyuta, kama jirani anayekuja kuomba chumvi akaondoka na sufuria. Kwenye boksi la gemu imeandikwa wazi: linahitaji kadi ya picha inayojitegemea. Mie mwenyewe nina miaka ishirini na tisa, nakaa kwa shangazi, sijitegemei. Leo nidai kadi ijitegemee?

Isitoshe nilishajaribu. Kwa askari kumi gemu lilikuwa linakwenda vizuri tu. Zaidi ya kumi sikuwahi kugusa. (Jenerali gani huyo!)

Asubuhi nikaona spika za kompyuta zina sauti ya mbu. Vita gani vya sauti ya mbu? Nikachomeka waya kwenye redio ya shangazi, ile yenye maspika mawili makubwa ambayo mtaa mzima huja kuiazima ukiwa na shughuli. Nikavaa suruali yangu ya kitambaa, iliyonibana kidogo. Nikakaa kusubiri.

Saa nne kamili, hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Iko wapi?"

Nikamkaribisha kwenye kochi. Shangazi akaleta chai na vitumbua, akarudi jikoni. Nikawasha. Mlima ukatokea, mto ukatokea, askari wangu kumi wenye nguo nyekundu wakapita mbele kwa ukakamavu. Mzee akasogeza kochi karibu. Nikamwona amevutiwa!

Halafu akauliza, "Hawa kumi ni walinzi wa benki. Jeshi liko wapi?"

Ningesema jeshi liko likizo, saa hii ningekuwa nimelala zangu nyumbani. Lakini kichwa kilishanivimba. Nikaongeza, wakawa arobaini. Wakaanza kutembea kama watu waliokanyaga gundi. Nikaongeza tena, wakawa themanini. Wakasimama. Mmoja akabaki na mguu juu.

"Mbona hawaendi?"

"Wanavizia, mzee."

"Wanavizia katikati ya uwanja? Huyu mguu wake mbona hautui?"

"Ni mbinu mpya."

Nikaingia kwenye mipangilio nipunguze mzigo. Nikaondoa vivuli. Nikaondoa miti. Nikaondoa maji, mto ukapotea, mashua zetu zikabaki zinaelea kwenye mchanga. Jeshi likasogea hatua mbili, likasimama tena. Nikapunguza ukubwa wa picha mpaka vita vyote vikawa kama stempu katikati ya kioo. Mzee akavaa miwani. Akavua miwani. Akasogeza pua karibu kabisa na kioo.

"Wetu ni wepi?"

"Wekundu, mzee. Adui ndio weusi."

Nikapunguza na rangi. Lo! Wekundu na weusi wote wakawa zambarau.

"Na sasa adui ni yupi?"

"Sasa... wote, mzee."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nadhani alikuwa anawahesabu wajukuu atakaopata kutoka kwangu, na hawapendi.

Hapo ndipo adui (yeyote aliyekuwa) akavamia mji wangu. Kwenye gemu lile, mji ukivamiwa wanawake wa mjini wanapiga ukunga, lile yowe la msiba. Ukunga wa sekunde moja tu. Lakini ukunga ulipoanza, kompyuta ikakwama kabisa, na sauti ikakwama na ukunga wake mdomoni:

"Uwiii-uwiii-uwiii-uwiii!"

Kwenye maspika ya shughuli!

Nikabonyeza kila kitufe. Wapi! Nikabonyeza cha kuzimia. Wapi! Vikombe vya shangazi vinatetemeka kabatini. Redio yenyewe nilikuwa nimeisukuma nyuma ya kabati ili isionekane, mkono haufiki. Nikaona dawa ni kuchomoa waya ukutani. Nikapiga magoti, nikajisokomeza chini ya meza, kichwa na mikono ndani, miguu nje. Waya umebana. Nikawa navuta huku napiga mateke.

Sasa jirani yetu Mama Shabani alikuwa anatwanga uani kwake. Kasikia ukunga kutoka kwetu. Akajua kuna msiba. Akaja mbio, na mchi mkononi, hakupata hata muda wa kuuweka chini, na nyuma yake wanawake kama watano, kanga zimefungwa viunoni, wameshaanza kulia.

"Kafa nani? Jamani, kafa nani?"

Mama Shabani akaingia sebuleni. Akaona nini? Miguu miwili chini ya meza, inatikisika.

"Saidi kanaswa na umeme! Msimguse kwa mkono! Apigwe kwa mti mkavu!"

Na mti mkavu alikuwa nao.

Mpigo wa kwanza ulinipata mapajani. Wa pili siusemi ulipotua. (Sasa mmejua habari ya kiti.) Nikapiga kelele, "Mie mzima! Mie mzima!" lakini maspika yalikuwa yanasema uwiii, na wao wakasikia mtu anakata roho. Wa tatu uliponipata niliruka, kichwa kikagonga meza, na suruali ikapasuka kuanzia kiunoni hadi inapoishia aibu ya binadamu.

Ghafla kimya.

Mzee Kitwana alikuwa ameinuka polepole, akaenda mlangoni, akashusha swichi kubwa ya umeme. Hilo tu.

Nikatoka chini ya meza kinyumenyume. Wanawake sita, shangazi na mwiko wake, na mzee, wote wakaiona bukta yangu ya maua ya njano. Shangazi akavuta kitambaa cha kochi, akanirushia.

Mzee akakaa. Akachukua kitumbua. Akauliza kwa upole, "Na vita, ameshinda nani?"

"Mama Shabani, mzee."

Akacheka. Jamani, alicheka! Kitumbua kikamtoka mkononi, machozi yakamtiririka, Mama Shabani naye akadondosha mchi akacheka, sebule nzima ikacheka, na mie nimejifunga kitambaa cha kochi kiunoni, sijui nicheke au nihame mkoa.

Alipotulia akafuta macho. "Saidi, nilidhani wewe ni mtu wa kujivuna, kumbe ni mtu tu. Hayo mambo yako sijayaelewa bado. Lakini Rehema hatakosa cha kucheka. Ijumaa njoo na wazee wako tuzungumze." Akaongeza, "Na uje mapema, tucheze bao kwanza. Kete sitini na nne, na hazijawahi kunikwamia. Bao unaliweza?"

Na mie, na kitambaa changu kiunoni, nikajibu, "Bao? Mzee, hapo ndipo nyumbani."

Wenzangu, sijawahi kushika kete tangu nizaliwe. Anayejua bao aniandikie kabla ya Ijumaa. Anayetaka kucheka aje kwanza anikande kwa maji ya moto, acheke huku anakanda.