Farasi wa Senti Mbili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Habari imenifikia nikiwa na kikombe cha uji. Uji umepoa, sikuumaliza.

Joviness, binti wa jirani yangu Anatory, kaja na simu mkononi. Kanisomea ujumbe kutoka Marekani. Mwalimu Harold amefariki, yule aliyefundisha sayansi hapa Rugera akaondoka mwaka 1988. Mungu amrehemu. Mjukuu wake, Susan, anakuja Jumamosi. Na anakuja na albamu ya babu yake! Stempu za Marekani za karne ya kumi na tisa, ukurasa baada ya ukurasa! Nimekwenda kuifuta lenzi yangu.

Kuna sharti. Siku anaondoka, Mwalimu alitugawia stempu tatu za mwaka 1869. Mimi nilikuwa karani wa posta, nikapewa mbili: treni ya buluu ya senti tatu na meli ya kijani ya senti kumi na mbili. Anatory alikuwa mpishi wake, akapewa moja: farasi wa kahawia anayekimbia na mtu mgongoni, senti mbili. Sasa marehemu ameacha neno. Albamu apewe atakayezionyesha zote tatu zikiwa pamoja.

Miaka thelathini na saba ukurasa wangu wa stempu una pengo. Miaka thelathini na saba farasi wangu analala kwa mtu aliyekuwa akikaanga mayai!

Mke wangu Prudensia kasema jambo ni jepesi. Nimwite Ta Anatory, ndivyo tunavyowaita wazee huku, tuziweke mezani pamoja, albamu iwe yetu sote. Mama wa watu ana moyo mzuri ila hana roho ya mkusanyaji.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Anatory na mkungu wa ndizi. Kanizidi miezi minne tu, lakini lazima nimwamkie shikamoo kila siku ya Mungu. Nimemwamkia. Nikamwambia natoa mbuzi jike kwa farasi. Akacheka kwa ufizi, maana hana jino hata moja. Akasema yeye anatoa mbuzi wawili kwa treni na meli.

Tumekunywa rubisi, pombe ya ndizi. Kisha akamtoa farasi kwenye kitabu chake cha nyimbo, akanionyesha makusudi, akamrudisha kwenye nyimbo za maziko. Nimerudi nyumbani bila farasi. Mkungu nao umebaki huko.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango! Usingizi umekataa, mpango umekuja.

Nimepanda bodaboda hadi Kayanga, kwa Deodatha mwenye duka la kuchapisha. Kamtafuta farasi kwenye mtandao, kampata. Karatasi ya kwanza farasi katoka mkubwa kama ndama. Ya pili katoka wa kijani. Ya tatu sawasawa, vipande vinne. Deodatha kauliza ni vya harusi? Nimesema ndiyo.

Meno ya pembeni nimeyatoboa kwa sindano ya Prudensia. Kisha nikawalowesha farasi kwenye chai ya rangi ili wazeeke. Nikawaanika kwenye mkeka wa kahawa. Kuku kadonoa mmoja. Wawili wamekunjamana kama majani ya maharage. Kabaki mmoja, lakini mmoja anatosha. Nimemtazama kwa lenzi, nikamtazama bila lenzi. Hata mimi mwenyewe angenidanganya.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimebatizwa Mkatoliki na nitazikwa Mkatoliki. Lakini leo jumuiya ya Walutheri ilisali nyumbani kwa Anatory, nami nikaenda. Kiongozi wao kanipokea kama kondoo aliyepotea. Kaniombea kwa jina! Nilitaka ardhi ipasuke.

Lakini Mungu si Athumani. Mwenyeji humpa mgeni kitabu chake, na Anatory kanipa kitabu chake cha nyimbo. Mwenyewe, mikononi mwangu! Tukafumba macho kuwaombea wagonjwa. Nikamtoa farasi wake kitabuni na wangu mfukoni. Wakaniponyoka, wote wawili wakaanguka kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni. Nikawapapasa huku macho nimefumba nusu. Mmoja kitabuni, mmoja mfukoni. Amina!

Nyumbani nimewapanga: treni, meli, farasi. Nimewatazama hadi Prudensia akaniuliza kama naumwa. Sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu nistaafu.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Asubuhi hofu. Je, Anatory akigundua? Atakuja kupekua. Atapekua sanduku, atapekua godoro. Lakini nani atapekua kahawa ya kutafuna? Kila nyumba inayo, ya kumpa mgeni. Nimezifunga stempu zangu tatu kwenye nailoni, nikazungushia ganda kavu la mgomba, nikafunga kwa kamba kama vijipakiti vya Prudensia vilivyomo kapuni. Changu nimekitia uzi mwekundu. Nikakiweka chini kabisa. Akili gani hii!

Saa nne nikamwona Anatory akija, amevaa koti. Nikakimbilia kwenye migomba. Nimechuchumaa humo saa nzima, siafu wamenila hadi kwenye magoti. Alipoondoka nikarudi, nikauliza kapekua nini. Prudensia kasema hakupekua chochote, alikuja kutualika kesho, Susan atafikia kwake. Yeye kamkaribisha, kampa kahawa kama kawaida, kijipakiti kilichofungwa vizuri kuliko vyote.

Nikaenda kwenye kapu. Vijipakiti sita. Uzi mwekundu hakuna.

Nikamuuliza kwa nini ampe kahawa mtu asiye na meno. Akaniangalia kana kwamba nimetukana wazazi wake.

"Baba Mackrine, mgeni atatokaje kwangu mikono mitupu?"

Anatory hatafuni. Huwa anapokea kwa heshima, anatia mfukoni, anasahau. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kiko nguoni mwa Anatory. Naye kaenda Kihanga kwa dada yake, anarudi kesho asubuhi. Na koti kaenda nalo!

Sijala. Nimekwisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa mkono mzito.

Nimefika kwa Anatory kabla ya Susan. Koti lile lile. Nimemkumbatia mara tatu ili nifike mfukoni. Mara ya kwanza nimepata leso. Mara ya pili funguo. Mara ya tatu watu wameanza kutazamana, na kiongozi wa Walutheri kasema Roho anafanya kazi.

Gari likaingia. Susan kashuka, mrefu kama babu yake, albamu kifuani. Kifuniko chekundu! Nilikiona mara ya mwisho nikiwa na nywele.

Anatory kamkaribisha kitini. Kisha, kama mwenyeji yeyote wa Karagwe mwenye adabu, akatia mkono mfukoni akatafuta kahawa ya kumpa mgeni. Nikasimama. Nikakohoa. Nikasema mgeni amechoka, kahawa baadaye. Prudensia kanivuta shati. Anatory kampa kijipakiti kwa mikono miwili, uzi mwekundu juu.

Susan kafungua. Treni. Meli. Farasi.

Akalia. Alilia kama aliyefiwa leo hii. Joviness akatafsiri, naye sauti inakatika:

"Anasema babu alijua kuwa siku moja mtazirudisha nyumbani zikiwa pamoja."

Kafungua albamu. Nafasi tatu tupu zilikuwa zinazisubiri. Akaziweka, akafunga. Albamu imekamilika, kasema, sasa inaweza kurudi kwa mama yake Marekani, maana sisi tumetoa kilichokuwa chetu bila kutaka kitu. Na alichopewa mgeni hakirudishwi. Ningesema ni changu, ningeulizwa farasi nilimtoa wapi. Nimepiga makofi na wengine.

Anatory kaingia ndani. Nikasema sasa yamenifika. Katoka na kitabu chake cha nyimbo, kachungulia kwenye maziko, farasi yumo! Uso wake ukalainika. Akaja akanishika mkono.

"Ta Gaudiosus, kumbe na wewe ulikuwa na farasi wako. Na umetoa zote tatu kwa mtoto wa watu. Mimi nisingeweza."

Macho yake yalikuwa na machozi. Ningependa anitukane kuliko hivyo.

Susan katuachia kofia mbili. Yangu inanibana.

Jumapili, 10 Agosti

Misa. Sikuweza kuimba. Padri kahubiri juu ya hazina mahali ambapo nondo hawali. Nilijua ananisema mimi.

Ukurasa wangu una mapengo matatu. Prudensia alingoja hadi tulipomaliza kula. Kisha kasema, taratibu, kwamba zingewekwa mezani Jumatatu ile, leo albamu ingekuwa kwenye meza hii. Akaondoa vyombo. Nimelia nyuma ya banda la mbuzi. Mzee mzima. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Nimeapa. Hila basi. Kesho nitakwenda kwa Anatory kumwambia ukweli wote: duka la Deodatha, chai, maombi, uzi mwekundu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda. Nimemwamkia shikamoo. Nimefungua mdomo.

Kabla sijasema, Anatory kaleta kitabu. Kasema amefikiri usiku kucha. Mimi nimetoa zote, sina hata moja, haifai. Yuko tayari sasa kuniachia farasi wake kwa mbuzi mmoja tu jike, yule niliyemtaja. Akamweka farasi mezani mbele yangu.

Nikamtazama. Kahawia. Anakimbia. Meno yamekaa vizuri kweli kweli.

Nikaanza kukumbuka Alhamisi. Walianguka wote wawili. Niliwapapasa. Macho yalikuwa yamefumba. Nani ameapa kwamba niliyemtia mfukoni ni yule wa kweli? Susan hakutumia lenzi, alikuwa analia. Huenda aliyekwenda Marekani ni yule wa Deodatha! Huenda huyu hapa ndiye, wa mwaka 1869, aliyebaki peke yake Karagwe nzima, na mzee huyu hajui!

Nimemwinua hadi puani. Ananukia chai.

Lakini nyumba nzima ya Anatory inanukia chai. Mtu alikuwa mpishi.

Nimemwambia anipe hadi kesho. Sikumwambia lile jingine. Kesho Prudensia atakuwa shambani hadi saa nne. Mbuzi nimeshamfunga kamba.