Nilimwachia Mtani Habari za Safari

Leo nimeadhirika jamani. Naandika haraka kabla video haijawafikia.

Mnajua ninavyowasumbua humu kundini: ukiingia majini, mwachie mtu wa nchi kavu habari. Unakwenda wapi, unapita kijito gani, unarudi lini. (Ndiyo, ni mimi. Acheni kuguna.) Basi asubuhi nilikuwa navuka kwenda kuangalia mpunga wangu, peke yangu, na mtumbwi wangu mdogo. Mama hayupo, kaenda Mchukwi kumwona mgonjwa. Nyumbani kabaki Shabani tu, mtoto wa mjomba, dereva wa bodaboda wa Kibiti, aliyekuja Mbwera kutusalimia.

Mtoto wa mjomba, yaani mtani wangu wa halali! Huyu tangu utotoni kazi yake ni kunizika. Nikikohoa tu, anauliza kaburi lichimbwe wapi.

"Shabani, napita kijito cha mikoko mikubwa. Alasiri nisipoonekana, waambie watu wanifuate."

"Nenda salama, marehemu."

Nilipaswa kughairi palepale. Sikughairi.

Mpunga mzima, alhamdulillahi. Ila nikapiga soga na jirani wa shamba (mnanijua), na wakati wa kurudi maji yakapwa nikiwa katikati ya kijito. Mtumbwi ukakaa juu ya tope. Nikashuka kusukuma, nikazama mpaka mapajani. Kandambili moja imebaki huko. Simu haishiki mtandao. Nikapanda tena, nikajikalia nikijisemea, hakuna neno, Shabani anajua nilipo.

Alasiri ikaingia. Ikapita. Hakuna mtu! Hapo nikaogopa kweli, maana jioni viboko hupita kijito kile. Nikasoma kila sura ninayoijua, na ninazijua chache.

Kumbe Shabani alitimiza ahadi. Alikwenda mbio mpaka dikoni, wanapoegesha wenye mitumbwi na maboti yao.

"Jamani, Zuhura hajarudi! Yuko kijito cha mikoko mikubwa!"

"Mtani kaanza!" wakacheka.

Akaapa. Wakacheka zaidi. Akalia, machozi kabisa! Wakampigia makofi. Mzee mmoja akamwambia, "Leo umewazidi watani wote, mwanangu."

Basi akachukua mtumbwi wa watu, akaja mwenyewe. Shabani, ambaye maji mengi aliyowahi kuvuka ni madimbwi ya barabarani! Maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi, namwona huyo anakuja akizungukazunguka, kichwani kavaa helmeti ya bodaboda.

"Helmeti ya nini?"

"Unaniuliza mimi? Wewe uliyekaa hapo unaota jua?"

Kabla sijajibu, akanasa kwenye tope pembeni yangu. Tukakaa wawili tukitukanana mpaka maji yalipotunyanyua. Kupiga kafi kukamshinda, viganja vimejaa malengelenge. Nikafunga mtumbwi wake nyuma ya wangu, nikamkokota. Aliyekuja kuniokoa!

Dikoni, umati. Simu zote juu. Mimi tope mpaka kiunoni, mguu mmoja peku, na nyuma yangu Shabani kasimama na helmeti yake anapiga kelele, "Nimewaletea maiti yenu!"

Nikawafokea. Hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kuchungulia? Mtu afe kwa sababu mnacheka?

Mzee wa diko akaniuliza kwa upole, "Sasa Zuhura, wewe unayetufundisha kila siku, kwa nini hukumwachia mtu habari?"

"Nilimwachia!"

"Nani?"

Nikamnyooshea Shabani kidole.

Wallahi, watu walikaa chini. Kuna mama alilazimika kushikiliwa asidondokee majini kwa kicheko.

Bado nina hasira nao. Chekeni na ninyi, nimeshazoea. Ila wakati wa kula nilimwona Shabani anashindwa kumega tonge kwa yale malengelenge, nikajikuta nimemwambia mtani wangu asante, kwa mdomo wangu mwenyewe, na hilo nawaomba kwa heshima zote lisitoke humu kundini.