Chupa Kumi na Mbili za Kabichi Chachu

Kwa niaba ya Baraza la Uthibitisho wa Mazao ya Kilimo Hai, Kanda ya Kaskazini, ninayo furaha kutangaza kwamba kabichi haiwi kabichi mpaka sisi tuseme. Shambani inaweza kuwa na mizizi, majani na hata viwavi, lakini hayo ni madai ya mkulima tu. Ikishapita lango la kiwanda, jina lake rasmi ni malighafi inayosubiri nyaraka, nayo hubaki hivyo mpaka nipige muhuri. Mimi ni Wendell Kloss, Mkaguzi Mwandamizi Daraja la Pili. Daraja la Kwanza halina mtu. Limeachwa wazi ili tusikose hamu ya kazi.

Novemba hii nilikwenda Skogdal, Wisconsin, kukagua kiwanda cha Arlys Brekke. Dukani hakuna anayekijua, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kinachachusha kabichi kwa ajili ya wengine. Chapa zinazopigana kufa kupona kwenye rafu hutoka katika mapipa yaleyale ya Arlys, zikaachana kwenye meza ya lebo. Kubwa kuliko zote ni Shamba la Bibi Tilly, yenye makao yake ghorofa ya kumi na tisa mjini Chicago, ambako hakuna shamba wala hajawahi kuwepo Tilly. Hilo si kosa. Waraka wetu Namba 14 unasema wazi: anayeweka jina lake kwenye chakula kilichotengenezwa na mwingine ni mmiliki wa chapa, na mmiliki wa chapa anatakiwa awe na usajili. Bibi si lazima.

Cheti cha Arlys kilikuwa kinaisha Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kikiisha, Bibi Tilly anahamishia kazi Ohio, na watu thelathini na mmoja wanamwaga unga kabla ya theluji. Nilifika Alhamisi ili wapate muda wa kutosha wa kuwa na wasiwasi.

"Mashine tumeziosha mara tatu, bwana Wendell," Arlys alisema. "Ukitaka, lamba."

"Kulamba hakuna fomu," nilimjibu. "Chombo safi kisicho na karatasi ni chombo kichafu kilichojificha."

Duane Skaar, msimamizi wa zamu, alikuwa amesimama karibu, amevaa koti lake la uwindaji la rangi ya chungwa. Jumamosi msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa, na Skogdal nzima ilikuwa imeshahamia msituni kwa mawazo.

"Na kama tungekuwa wachafu, ila tuna karatasi?"

"Mngekuwa na upungufu mdogo."

"Aa," Duane alisema. "Haya, sawa basi." Watu wa huku hawabishani. Ukimkanyaga mtu wa Skogdal mguu, atakuomba radhi kwa kuuweka hapo.

Nikaingia kwenye mizania, ambayo ndiyo roho ya kazi yetu. Unachukua ratili za kabichi zilizoingia, unatoa majani, mabua na juisi iliyomwagika, halafu unalinganisha na chupa zilizotoka. Chupa zilitakiwa kuwa elfu ishirini na sita mia nne na kumi na mbili. Zilizoonekana zilikuwa elfu ishirini na sita mia nne.

"Zimepungua kumi na mbili," nilisema.

"Kwenye elfu ishirini na sita?"

"Baraza halina neno 'karibu', Arlys. Chupa isiyojulikana iliko imetoroshwa. Zisipopatikana, sipigi muhuri."

Arlys aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ana miaka hamsini na tisa, na kiwanda kilikuwa cha mama yake. Alimtazama Duane, Duane akatazama sakafu, kwa namna ambayo niliichukua kuwa ya hatia. Nilimwonea huruma kwa kiwango kinachoruhusiwa.

Ijumaa tulipekua madaftari yote saba: la mapokezi, la chumvi, la mapipa, la usafi, la lebo, la ghala na la malori. Saa nane mchana hatukuwa na chupa hata moja. Ndipo Duane akakohoa.

"Bwana mkaguzi, liko la nane. La wageni, pale getini. Ulituagiza wewe mwenyewe tulianzishe."

"Mbona hukulileta jana?"

"Tulidhani utakumbuka mwenyewe," Arlys alisema, mashavu yamemwiva. "Hatukutaka kukuaibisha."

Nililifungua. Tarehe kumi na nane Julai, kwa mwandiko wa Duane: *Wendell Kloss, mkaguzi. Ameingia na kalamu. Ametoka na kalamu na katoni moja, chupa kumi na mbili. Asema ni sampuli za maabara, kwa amri ya Mkurugenzi.* Nilisoma jina langu mara mbili, kwa kuwa kanuni inataka nyaraka zisomwe mara mbili.

Mtu mwingine angefunga daftari. Mimi nilipiga simu maabara.

"Kabichi?" akauliza binti wa mapokezi. "Hapa hatujawahi kupokea kabichi, baba. Tunapima maziwa."

Hapo nikakumbuka kwamba katoni ile niliiweka kwa mikono yangu kwenye buti la gari la Mkurugenzi wetu wa Baraza, Lorraine Pfaffenroth, naye akanishukuru kwa kutoiinamisha.

Mama yake Arlys, Borghild, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa mezani na kahawa yake. Huja kila siku kuonja mapipa.

"Julai," alisema. "Halafu Agosti ndiyo maonyesho ya wilaya." Akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Miaka kumi na moja nachukua utepe wa bluu kwa kabichi chachu. Mwaka huu nikawa wa pili, nyuma ya yule mkurugenzi wenu. Nikaionja yake. Nikajiambia, huyu mama anatia mbegu za kisibiti na tufaha bichi kama mimi kabisa. Nikampigia makofi."

"Mama, ulijua?" Arlys akauliza.

"Nilijua tangu kijiko cha kwanza. Ningesemaje mbele za watu?"

Sitaficha kwamba niliona aibu, na fomu ya kuiandikia sikuwa nayo. Lakini mizania ilikuwa imefunga: chupa kumi na mbili zilijulikana ziliko. Saa kumi na dakika arobaini nilipiga muhuri. Arlys alilia kidogo, akaniomba radhi kwa kulia, akanipa keki ya kwenda nayo nyumbani. Niliiandikisha getini.

Jumatatu asubuhi nilimpelekea Mkurugenzi hati ya kumtambua kuwa mmiliki wa chapa asiyesajiliwa, kwa Waraka Namba 14. Utepe wa bluu ulikuwa ukutani nyuma yake, ndani ya fremu.

"Ipoteze hiyo karatasi, Wendell."

"Fomu ya kupoteza karatasi inahitaji sahihi yako, Mkurugenzi, na sahihi ya mwenye shauri husimamishwa; yako imesimama tangu saa mbili, kifungu cha tisa."

"Mimi si chapa! Niliwaandikia wa maonyesho kwamba nimeitengeneza kwa mikono yangu."

"Basi wewe ni mtengenezaji. Mtengenezaji hukaguliwa akitengeneza."

Aligeuka kuutazama utepe wake, akachagua kuwa mtengenezaji.

Ukaguzi ulifanyika kwa Arlys watu waliporudi kutoka msituni. Kilikuwa kiwanda pekee cha kabichi katika wilaya chenye cheti hai. Borghild aliandaa meza, kisu, chumvi na pipa dogo. Wafanyakazi thelathini na mmoja walikuwa mapumzikoni, wamesimama na vikombe vyao, wanatazama kwa heshima kubwa. Mkurugenzi alikata kichwa cha kwanza vipande vinne, akavitumbukiza kwenye pipa, akanyunyiza chumvi, akafuta jasho. Kisha akageuka huku na huku akitafuta bomba.

"Maji yanawekwa kiasi gani?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Duane alikitazama kikombe chake.

"Maji hayawekwi, binti yangu," Borghild alisema polepole. "Kabichi inatoa yake."

Lazima nieleze kwamba Fomu ya Maji ya Kuchachushia, kurasa sita, iliandikwa na Mkurugenzi mwenyewe. Kwa miaka minne Arlys amekuwa akiijaza kila wiki, sifuri tupu, na kwa miaka minne Mkurugenzi amekuwa akimpelekea kila wiki barua ya onyo kwa kutoijaza vizuri.

Niliandika swali lake kama lilivyo, neno kwa neno, nikamsogezea karatasi asaini kama mtengenezaji. Alipapasa mifukoni. Borghild akamkopesha kalamu.