Namna ya Kujaza Viti vya Mchezo wa Mawe

Jumatatu, 3 Februari

Leo Daktari Halvorson amegawa timu. Darasa zima la usimamizi wa michezo, mwaka wa tatu, kila mtu timu moja ya chuo na mechi moja ya Jumamosi. Kazi: jaza viti. Atakayefanya vizuri kuliko wote ataandikiwa barua ya kwenda Winnipeg majira ya joto kwa mafunzo ya kazi, ofisini kwa klabu ya hoki ya kulipwa. Nafasi ni moja. Ofisi ina madirisha yanayotazama barafu. Nimeiona pichani. Hata meza yangu nimeshaichagua.

Odile Fontaine kapewa hoki. Mimi nimepewa mchezo wa mawe.

Mchezo wa mawe! Jiwe la kilo ishirini linateleza kwenye barafu kuelekea kwenye duara, wawili wanalifagilia njia, wa tatu anapiga kelele, watazamaji wanasinzia. Mechi iliyopita walikuja watu kumi na mmoja. Wawili kati yao walikuwa wanatafuta choo.

Nimelalamika. Daktari akasema hoki hujijaza yenyewe, kwa hiyo aliyepewa mawe ndiye aliyepewa nafasi ya kuonyesha uwezo. Wakubwa husema hivyo wanapokutwisha mzigo. Odile akanigonga begani. "Pole, Garnet. Angalau hutahangaika kutafuta viti vya ziada."

Darasa zima likacheka. Nimeandika majina yao.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kuwaona wachezaji wangu. Wasichana wanne na mifagio yao. Nahodha ni Kirsty McPhail, mrefu, sauti nzito kama ya dereva wa lori, amevaa viatu viwili tofauti: kimoja cha kutelezea, kingine cha kukamatia barafu. Nikamwambia nimekuja kuwajengea jina. Akasema jina wanalo. Wasiposhinda Jumamosi na kufuzu fainali za Saskatoon, idara ya michezo itaifuta timu mwakani. Kocha wao alihamia Alberta mwezi wa Novemba na hakuna aliyewekwa badala yake.

"Kaka, mimi sihitaji matangazo. Nahitaji kocha."

Nikamwambia kocha si idara yangu. Nilimhurumia, lakini kwa kiasi.

Mchana wazo likaja lenyewe, nikiwa nakula perogi za viazi kantini. Matangazo sitini, herufi nyekundu: JUMAMOSI, UWANJA WA MAWE, MGENI MAARUFU SANA ATAKUWEPO! Mgeni mwenyewe sina. Ila kila mtu ni maarufu kwa mtu fulani. Mjomba wangu anajulikana mtaa mzima kwa kugonga swala mmoja mara mbili kwa gari lake.

Nimeyabandika yote kabla ya saa kumi. Kazi safi.

Jumatano, 5 Februari

Mambo yamechacha. Asubuhi kantini walikuwa wanabishana mgeni ni nani. Meza moja ilisema mchezaji wa hoki. Nyingine ilisema mwimbaji. Mezani kwa wauguzi walikuwa na uhakika kwamba ni Waziri Mkuu. Nilikunywa kahawa yangu nikitabasamu kama mtu anayejua.

Saa tano nikaitwa kwa mkuu wa idara ya michezo. Akauliza mgeni ni nani. Nikasema ni siri. Akasema polisi wa mji wamepiga simu kuuliza watafunga barabara zipi. Nikasema hakuna mgeni. Akafunika kalamu yake. Kisha akaniambia matangazo yote yawe yameshuka kabla ya jioni, na niyashushe mwenyewe.

Baridi leo ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Gundi ya karatasi haibanduki ukiwa na glavu. Nimebandua karibu hamsini kwa vidole vitupu. Vidole bado havijaniambia kama vitarudi.

Odile alinikuta kwenye nguzo ya hamsini. Akanivulia glavu zake akaniazima, halafu akabandua matatu yeye mwenyewe bila kuombwa. Najua anachotafuta. Anapeleleza.

Alhamisi, 6 Februari

Wazo jipya. La heshima, mara hii.

Wazee! Makao ya wazee ya Birch Court yana basi lake, na yana watu ambao Jumamosi hawana pa kwenda. Nikaenda. Mama anayesimamia shughuli zao akauliza ni shughuli ya namna gani. Nikasema inafanana na bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba. Si uongo mtupu. Kuna maduara, kuna namba, na mwisho mtu hupiga kelele. Thelathini na wanane wakajiandikisha hapo hapo.

Bibi mmoja tu, Olesia Zaborniak, miaka themanini na minne, kitambaa cha maua kichwani, ndiye aliyeuliza maswali. Hii bingo inachezewa wapi? Nikasema kwenye barafu. Kwa kitu gani? Kwa mawe. Akanikazia macho. Akauliza nahodha anarusha kwa mkono upi, na barafu ya uwanja ule siku hizi inavutia upande gani. Nikamjibu kwa upole, kwa sauti kubwa na taratibu, kwamba kutakuwa na chai.

"Mimi si kiziwi, kijana," akasema. "Nimekuuliza kuhusu barafu."

Masikini, nikadhani amechanganyikiwa.

Jioni nimempelekea Daktari Halvorson hoja nzito: kuhesabu vichwa ni kuwaonea wenye timu ndogo, tupimwe kwa asilimia ya ongezeko. Akasema tunapimwa kwa asilimia tangu siku ya kwanza. Imo katika karatasi ya kozi, ukurasa wa pili. Na watu watahesabiwa raundi ya mwisho, ili asije mtu akachungulia na kuondoka.

Kumbe ukurasa wa pili upo.

Nimepiga hesabu mara tatu. Odile hata akijaza ukumbi mzima atapanda robo. Mimi na wazee wangu tunapanda zaidi ya mara tatu. Nimeshinda! Nikae kimya tu, nisiguse kitu.

Ijumaa, 7 Februari

Nimegusa kitu.

Si kwa ubaya. Uwanja wa hoki na uwanja wa mawe viko katika jengo moja. Ukiingia mlango mkuu kuna vibao viwili vinaning'inia kwa ndoano: HOKI kulia, MAWE kushoto. Nilikuwa napita tu. Ngazi ilikuwepo. Hapakuwa na mtu. Nikafikiri: mashabiki mia moja tu wa Odile wakipotelea kwangu na kuona uvivu wa kutoka, nitapata asilimia ambazo chuo hiki hakijawahi kuziona.

Nikabadilisha vibao. Dakika mbili.

Nimelala kidogo mchana. Usingizi wa mtu mwenye kazi nzuri mbele yake.

Jumamosi, 8 Februari

Nilisahau jambo moja. Wazee wanajua kusoma.

Saa saba na nusu mechi ya mawe ikaanza. Mashabiki wa hoki wakaanza kumiminika kwangu, nyuso zimepakwa rangi, honi mikononi. Wakaona wasichana na mifagio. Wakacheka. Wakauliza hoki iko wapi. Wakatoka. Walibaki kama ishirini hivi, wengi wao kwa sababu walikuwa wameshavua makoti.

Wazee wangu sikuwaona. Saa nane nikakimbilia upande wa hoki. Nikawakuta wote, safu ya mbele, blanketi magotini, soseji mkononi, bendi ya chuo inawapigia ngoma. Nikawaomba waondoke. Mzee mmoja akaniambia hii ndiyo bingo bora aliyopata kuhudhuria na hang'oki.

Bibi Zaborniak peke yake ndiye aliyegeuza kiti chake cha magurudumu.

"Mimi nilikuja kuona mawe. Sukuma."

Nikasukuma. Njia ni ndefu kuliko inavyoonekana. Tulipofika, Kirsty na wenzake walikuwa nyuma, tano kwa mbili. Bibi akatazama raundi moja kimya. Ya pili akaanza kugonga kioo kwa fimbo. Mapumziko ya katikati yalipofika, akaniamuru nimpeleke hadi kwenye benchi. Nikasema ni la kocha. Akauliza kocha yuko wapi. Nikasema Alberta. "Basi halitumii."

Nikamfikisha. Wasichana walikuwa wamekaa vichwa chini. Kirsty alikuwa amelia, ingawa alijifuta haraka. Bibi hakujitambulisha. Akamwuliza kwa nini anarusha kana kwamba barafu iko sawa. Ilhali inateremka kushoto kuanzia mstari wa pili, kipofu angeona. Akamshika mkono wa kulia, akaugeuza kidogo kwenye kifundo.

"Hivi. Na uache kuwapigia wenzako kelele za hofu. Piga kelele za kazi."

Kirsty akamwuliza bibi ni nani. Akasema alikuwa bingwa wa mkoa miaka minne, zamani, kabla mama yake Kirsty hajazaliwa. Akaongeza kuwa hajagusa jiwe tangu nyonga ilipovunjika, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Halafu akapiga chafya akaomba kitambaa.

Sikupata kuona kilichofuata. Nilikamatwa begani na Bwana Friesen, mtunza jengo. Alinyoosha kidole tu kuelekea kwenye ngazi. Nikapanda kurudisha vibao vyake, yeye chini kakunja mikono.

Nikiwa juu ya ngazi, nikaona msafara unapita. Mbele Odile, anasukuma kiti cha mzee mmoja. Nyuma yake wazee wote, wengine wanasukumwa na wapiga ngoma. Wakati wa mapumziko ya hoki alikuwa amesikia mwenzao yuko benchi la mawe, akawauliza kama wangependa kumshangilia. Akaacha mechi yake mwenyewe. Akanitazama pale juu, akatazama kibao mkononi mwangu. Akaendelea kusukuma. Afadhali angenitukana.

Jiwe la mwisho nimelisikia kwa masikio tu. Sauti ya Kirsty: "Fagia! Fagia! Acheni! Acheeni!" Kimya. Kisha ngoma, honi, fimbo za wazee zinagonga kioo. Saba kwa sita. Tumeshinda. Mimi nilikuwa nimekumbatia kibao cha HOKI.

Hesabu ya raundi ya mwisho: watu sitini na sita.

Jumatatu, 10 Februari

Daktari Halvorson amesoma matokeo mbele ya darasa. Odile, asilimia ishirini na tano. Mimi, asilimia mia tano. Nikasimama kupokea makofi. Akaniambia nikae.

Akauliza nani aliwahamisha wazee kutoka hoki kuja kwenye mawe. Akauliza nani alibadilisha vibao. Nikasema huenda ni upepo. Akakumbusha kuwa vibao viko ndani. Nikatazama dirisha. Odile angeweza kunitaja na hakunitaja. Alitazama daftari lake tu. Hapo, sijui kwa nini, nikainua mkono nikasema ni mimi. Nimeshangaa kuliko wote.

Winnipeg anakwenda Odile.

Mimi nimepewa kazi nyingine. Idara imeiongezea timu mwaka mmoja, na Bibi Zaborniak amekubali kuwa kocha kwa masharti mawili: chai isiyo ya mfuko, na "yule kijana mwongo" amsukume kwenda na kurudi mazoezini mara tatu kwa wiki. Daktari anahesabu hayo kuwa mafunzo yangu ya kazi. Nikampigia bibi simu kulalamika. Akasema ninadanganya vibaya sana ila ninasukuma vizuri, na mtu ajenge maisha yake kwa kile anachokiweza.

Nikaona hapa kuna somo. Nitalifikiria.

Jumatano, 12 Februari

Nimelifikiria. Tatizo lilikuwa kufikiri kidogo kidogo.

Fainali za Saskatoon ni wiki tatu zijazo. Leo asubuhi nimeongea na gazeti la kule. Kocha mwanamke kwenye kiti cha magurudumu hakuwasisimua sana, nikasikia mwandishi anatafuna kitu. Basi nikamwambia kuwa siku ya fainali kocha wetu anatimiza miaka mia moja. Akaacha kutafuna. Wanaleta mpiga picha. Televisheni nayo imepiga simu. Meya anataka kutoa hotuba.

Keki nimeshaagiza, yenye mishumaa mia. Kirsty na wenzake nitawaeleza ndani ya basi, tukishavuka mpaka wa mkoa. Kilichobaki ni kumwambia bibi kwamba ameongezeka miaka kumi na sita. Nitamwambia nikiwa nyuma ya kiti, nasukuma, mahali ambapo fimbo haifiki.