Saa ya Kijani Inatoa Nyongeza

Jumatatu, 1 Desemba

Nimemaliza Kidato cha Nne siku kumi zilizopita, na leo maisha yangu yamepangwa nikiwa nasugua sufuria. Mama na shangazi Selpher walikuwa wamekaa mlangoni. Mimi sikuulizwa. Januari naanza kazi katika saluni ya shangazi, hapa hapa Busia.

Shangazi anasema mikono itajifunza kusuka kwa mwezi mmoja. Kitu cha maana ni mdomo. Mteja anakaa kitini asubuhi hadi alasiri, na muda wote huo lazima apigiwe stori, la sivyo atahamia saluni ya jirani. Asubuhi hadi alasiri! Mara ya mwisho niliongea mbele ya watu kwa dakika nne, katika mdahalo wa Kidato cha Pili. Walinitoa nje nikapepewe kwa daftari.

Mlango wa kutokea ni mmoja tu. Mbio za Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda, Jumamosi tarehe 13, kilomita kumi. Wasichana watatu wa kwanza wanachukuliwa kambini huko huko Tororo mwaka mzima, kitanda na chakula, na kufundishwa ukocha. Ukikimbia, hakuna anayekutegemea umpigie stori.

Kocha Patroba wa klabu yetu anasema atamsajili yeyote atakayemletea muda wa chini ya dakika arobaini na tano, uliopimwa kwa saa ya GPS. Mwisho ni Jumanne ijayo. Taaka, msichana mwenzangu wa klabu, aliuliza maswali tisa. Taaka huongea hata akipanda kilima. Mimi nilikuwa na swali moja tu: saa ipi? Sikuuliza.

Mwaka huu nimewahi kukimbia kilomita kumi kwa dakika arobaini na saba. Na nusu.

Jumanne, 2 Desemba

Nina saa tatu!

Ya kwanza ni nyeusi, kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Ni ya kocha mwenyewe. Ni ya watu wanaoogelea, halafu wanapanda baiskeli, halafu wanakimbia, yote siku moja bila kulazimishwa na mtu. Ya pili ni ya kijani, ya binamu Griffins, anayefanya kazi ya kutoa mizigo forodhani. Nilimwomba kwa ujumbe wa simu. Alikuwa chumba cha pili. Alinijibu kwa sauti, na nyumba nzima ikasikia. Ya tatu ni ya kijivu, ambayo Mama aliikuta kwenye mitumba ng'ambo, upande wa Uganda. Mkanda wake umeshonwa kwa uzi wa gunia.

Saa nyeusi imeniuliza uzito, urefu, mkono ninaoutumia, na huwa nalala wakati gani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mambo mengi hivyo nisitake kukimbia. Kisha ikauliza: unaogelea, unaendesha, unakimbia, au yote matatu? Nilikaa nikifikiri. Nilibonyeza yote matatu ili nisiufunge mlango.

Jumatano, 3 Desemba

Majaribio. Nilivaa saa zote tatu mkono wa kushoto, zikapanda hadi karibu na kiwiko. Njia moja, miguu ile ile: kutoka sokoni, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, hadi kanisani na kurudi.

Sokoni Taaka alinikuta. Aliuliza kwa sauti ya tangazo, "Aki Quinter, umefungua duka mkononi?" Wanawake wa nyanya wakacheka. Mwanamume mmoja akataka kujua ya kijivu nauza vipi.

Matokeo. Nyeusi: kilomita 9.6. Kijivu: 9.1. Kijani: 10.4. Njia moja!

Mapigo ya moyo. Nyeusi: 171. Kijani: 84. Kijivu: 212. Kwa hiyo nilikuwa nakimbia, nimelala, na nimekufa.

Saa nyeusi pia ilidai kwamba baada ya kuogelea mita 900 barabarani nilipanda baiskeli polepole sana.

Nilimweleza Mama kuhusu kilomita. Hakushangaa hata kidogo. Mama anauza mahindi na maharagwe, na anajua vipimo. Alisema kila soko lina gorogoro lake, mkebe wa kupimia. Kuna mikebe iliyobonyezwa chini ili ibebe kidogo, na kuna ya watu waungwana. Ukitaka kumjua muuzaji, mimina mahindi yale yale katika mikebe mitatu uone upi unakujali. Halafu nunua kwa yule anayekuongezea konzi moja juu.

Mama hakusoma GPS, lakini ameielewa kuliko mimi. Nimemimina barabara moja katika saa tatu. Ya kijani ndiyo inayonijali.

Alhamisi, 4 Desemba

Saa nyeusi imesema nipumzike masaa sitini na moja. Nilitii. Nilijilaza kitandani nikitazama dari.

Mama aliuliza ninaumwa nini. Nikamwambia nimekatazwa kuamka. Na nani? Na saa. Mama aliuliza kama hiyo saa itakwenda kuchota maji. Nilipumzika dakika ishirini na tano.

Jioni nilimwandikia Griffins kumuuliza kwa nini saa yake ni mkarimu. Alikuja mwenyewe kunieleza, kwa bahati mbaya. Anasema saa husikiliza setilaiti. Pale kwenye malori, mawimbi yanagonga mabati ya makontena na kurudi yakiwa yamechanganyikiwa, na saa inafikiri umeruka huku na huku kumbe umekwenda moja kwa moja. Saa nyeusi inajua kusahihisha. Yake haijui. Akaniambia nisikimbie karibu na malori.

Nimeandika: kimbia karibu sana na malori.

Jumamosi, 6 Desemba

Mara mbili jana, mara mbili leo. Saa zote mkononi, ili niwe na uhakika ni nani anayezidisha. Miguu inauma mahali ambapo sikujua ni miguu.

Nimepata mahali pazuri kabisa, kati ya foleni mbili za malori, karibu na mpaka. Pana upana wa mtu mmoja asiyekula sana. Kuna dereva wa Uganda anayepika chai kando ya gurudumu. Nilipopita mara ya nne aliniita kwa Kiswahili cha kwao, "Wewe dada! Nakwenda narudi, nakwenda narudi, napoteza nini?" Nikaona aibu, nikaongeza mwendo. Nilipopita mara ya tano alikuwa amewaita wenzake wawili wakae watazame. Niliongeza zaidi.

Kilomita kumi kwa saa ya kijani: dakika 43 na sekunde 50!!

Saa nyeusi ilisema ni kilomita 9.3. Niliiweka kwenye droo. Sikuona haja ya kuzigombanisha.

Jumapili, 7 Desemba

Balaa. Griffins alinionyesha ramani ya mbio zangu kwenye simu yake. Mstari umeruka ukuta, umeingia Uganda na kurudi. Mara sita! Jumamosi moja tu nimevuka mpaka mara sita bila kitambulisho, bila kupita uhamiaji, na mara moja nimepita katikati ya jengo lao.

Sikusikia mahubiri. Nilifikiria kwenda kujisalimisha, lakini itabidi niongee. Nimeandika barua badala yake. "Kwa Afisa Mhusika. Mimi Quinter sikukusudia." Nilipoifikisha mlangoni pao afisa alikuwa anacheka na watu, basi nikarudi nayo.

Griffins anasema miguu yangu haikuvuka, ni saa iliyovuka. Sasa saa ina kosa au mimi? Alikuwa anafuta machozi.

Jumanne, 9 Desemba

Nimesajiliwa!

Taaka alileta dakika 43 na sekunde 5, na maelezo marefu. Mimi nilinyoosha mkono tu. Kocha Patroba aliitazama saa ya kijani, akanitazama mimi, akatazama miguu yangu. Akauliza nimefanya mazoezi mara ngapi. Nikaonyesha vidole. Akauliza kama ni kwa wiki. Nikatikisa kichwa. Kwa siku mbili.

Akaandika jina langu. Shangazi Selpher ameshanishonea aproni ya waridi. Nimeikunja vizuri na kumwambia Mama amtafute mtu mwingine wa kuivaa.

Jumapili, 14 Desemba

Sijui nianzie wapi. Naanzia asubuhi ya jana.

Njia ya mbio ilitoka mjini Tororo kuelekea Malaba, ikageuka, ikarudi. Nilipoona malori yamejipanga kando ya barabara, makontena marefu upande huu na huu, nilitaka kulia kwa furaha. Kama nyumbani! Nilikimbia nikiyasugua kwa bega.

Kilomita ya tano nilikuwa wa saba. Ya saba, wa tano. Kisha nikampita Taaka. Alikuwa anamwambia mtu kitu. Halafu nikampita huyo mtu. Wa tatu! Mbele yangu wasichana wawili tu, na wala sikuwa nimechoka sana, jambo lililonishangaza.

Saa ya kijani ikatetemeka. Kilomita 10.00. Dakika 41 na sekunde 36.

Nikabonyeza. Nikasimama. Nikapiga magoti kando ya barabara na kumshukuru Mungu kwa ufupi.

Watu wakaanza kupiga kelele. Wengi sana, wote wakinielekea. Nilijua ni pongezi, na mimi siwezi pongezi, nikafunika uso kwa mikono. Taaka akapita akipaza sauti, "Quinter, mbele! Twende mbele!" Nikaona ni majivuno tu, mtu kutangaza kwamba yuko mbele. Nikasikia miguu mingine ikipita. Na mingine.

Ndipo mama mmoja muuza ndizi akanishika mkono akaninyanyua kama mtoto. "Wewe nasali sasa? Maliza kwanza, Mungu nangoja!"

Nikafungua macho. Kamba ya kumalizia ilikuwa mbele. Mbele kabisa. Kama nusu kilomita, na watu, na spika, na Taaka akiikaribia.

Nikakimbia tena. Wa sita.

Taaka ni wa tatu. Anakwenda kambini. Alinikumbatia na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema kitu. Ingekuwa afadhali angesema.

Njiani kurudi kocha hakunigombeza. Alisema ndani ya siku kumi nimekuwa mkimbiaji hasa, kwa sababu nimeipiga ile njia mara nyingi kuliko msichana yeyote aliyewahi kupita mikononi mwake, na kwamba kama ningefunga jiwe mkononi badala ya saa, leo ningekuwa napanga nguo za kambini. Nimelitafakari hilo hadi leo. Sielewi jiwe linaingiaje. Jiwe halina GPS.

Maelezo yangu ni haya. Mama husema siku zote kwamba gorogoro la Uganda ni kubwa kuliko letu, ndiyo maana hununua kule na kuuza huku. Basi na kilomita zao ni vivyo hivyo. Mimi nilikimbia kumi za Kenya. Hakuna aliyetutangazia.

Nililia kidogo, nikaivaa aproni kuona inanikaaje. Inanitosha. Hilo nalo liliniliza.

Jumatano, 17 Desemba

Shangazi hakuona sababu ya kungoja Januari. Nimeanza leo.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu Betty. Rasta za mabegani. Shangazi alisuka upande wa kulia na kuongea, mimi nikasuka upande wa kushoto na kunyamaza. Mwalimu Betty aliniuliza kama nina jino linaloniuma.

Saa ya kijani nimemrudishia Griffins. Ni laghai, nimekubali. Kocha ametangaza kambi itachukua msichana mmoja zaidi Februari, na safari hii hawataki mbio moja. Wanataka jumla ya kilomita za wiki sita, na kwa saa yake mwenyewe, ile nyeusi, kwa sababu inajua kusahihisha. Ameniachia. Alisema nikimbie tu, nisifikiri. Niliivaa kazini ili tuzoeane.

Nilipokuwa nangoja shangazi apate uzi, niliifungua. Kumbe chini ya kuogelea na baiskeli kuna jambo jingine: kukimbia ndani ya nyumba! Humo haihitaji setilaiti. Inahesabu mkono unavyokwenda. Nikabonyeza, nikaendelea kusuka.

Kichwa cha mwalimu Betty, upande wa kushoto peke yake: kilomita 7.3!

Na mapigo yangu ya moyo, 76. Saa imeandika kwamba siha yangu ni ya hali ya juu kabisa. Hii ndiyo saa ya kweli. Hakuna malori, hakuna Uganda, na haijawahi kumpendelea mtu.

Mwalimu Betty alipotoka, niliongea. Mimi mwenyewe, kwanza, bila kuulizwa. Shangazi Selpher aliangusha kitana. Nilimuuliza kama kesho kuna mteja mwenye kichwa kikubwa zaidi, na kama naweza kumsuka pande zote mbili peke yangu.

Alinishika mabega na kusema alijua siku moja nitaipenda kazi hii. Yuko mmoja, anakuja asubuhi. Anataka rasta nyembamba kabisa, hadi kiunoni.

Hiyo ni nusu marathoni.