Yatima wa Oyaro

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeipa seva jina. Hatua kubwa katika taaluma yangu.

Niweke kumbukumbu sawa kwa ajili ya watakaoandika historia yangu. Mimi, Nicodemus Ombati, mwenye Shahada ya Sayansi ya Kompyuta, ni mwajiriwa wa muda katika ushirika wa wakulima wa viazi vitamu, ofisi ya Migori. Seva yetu ya simu ni kompyuta ndogo, ukubwa wa mkate, inayoendeshwa kwa Linux. Mkulima wa Kosele, Ndhiwa au Kegonga hupiga, huchagua lugha, kisha huacha ujumbe kwamba viazi vyake viko tayari. Asubuhi lori hufuata ujumbe huo. Seva ikinyamaza, lori hutangatanga na viazi huoza kando ya barabara.

Alhamisi kamati inakutana Kosele kumchagua afisa wa kudumu wa mawasiliano. Nafasi ni moja. Tuko wawili: mimi, na Lynnet, mwenye stashahada na sauti nzuri. Sauti yake ndiyo inayowapokea wapigaji kwa Dholuo. Wanampenda mno. Wapo wanaopiga bila kuwa na kiazi hata kimoja.

Ndipo nikapata wazo. Kila kompyuta ya Linux sharti iwe na jina. Yetu iliitwa seva1, jina lisilo na heshima. Kuanzia leo inaitwa Oyaro, kwa heshima ya mwenyekiti wetu, Mzee Nicanor Oyaro. Alhamisi nitamfunulia siri hiyo mbele ya kamati nzima. Mzee gani atamnyima kazi kijana aliyempatia wajina?

Lynnet aliuliza kama nimemwomba Mzee ruhusa. Nikamweleza kwamba zawadi haiombewi ruhusa. Akasema, "Haya, Injinia," kwa namna ambayo sikuipenda.

Jambo la sarufi. Kitu kilichopewa jina la mtu huingia ngeli ya A-WA. Kwa hiyo Oyaro haizimiki, Oyaro anazimika. Haiwashwi, anaamshwa. Nimewaagiza wote ofisini wazingatie. Lynnet alicheka hadi chai ikamwagika.

Kasoro moja tu. Nilipokuwa nikipiga pasi shati langu (chumbani kwangu hakuna stima, na ofisi ina ekstensheni moja imara ya umeme inayotosha vitu vyote), Oyaro alinyamaza katikati ya simu. Kosa la diski, ikasema skrini. Nilipomaliza shati, akarudi mwenyewe.

Nashuku vumbi.

Jumanne, 9 Septemba

Suruali leo. Mshono wa mbele umesimama kama wembe.

Oyaro, kwa upande wake, ameanguka tena. Safari hii diski imejifunga ikawa ya kusoma tu. Maana yake anaongea vizuri sana lakini haandiki lolote analoambiwa. Madam Roselyn, meneja wetu, alisema yeye amewahi kuolewa na mtu wa namna hiyo.

Matokeo: lori lilikwenda Ndhiwa, likakuta mbuzi. Magunia yalikuwa Kosele, yakinyeshewa. Madam Roselyn alisema kwa utulivu kwamba yeyote atakayeshindwa na seva wiki hii asijisumbue kupanda lori la Alhamisi.

Nilibadilisha waya. Nilimpangusa Oyaro kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Nilimpepea kwa faili la mahudhurio. Lynnet akauliza kama nimeona kwamba matatizo huanza pasi ikiingia kwenye ekstensheni. Nikamweleza, kwa subira ya msomi, kwamba pasi haina diski. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Baadaye nikatambua chanzo halisi: sauti ya Lynnet. Rekodi yake ni ndefu, yenye salamu na kuulizia watoto, na diski ndogo haiwezi kubeba upendo wote huo. Alipokwenda kula nikaifuta, nikarekodi yangu kwa Dholuo. Mimi ni mtu wa Kisii, lakini nimeishi Migori muda wa kutosha.

Ilidumu mchana mmoja. Inaonekana viazi vitamu ni rabuon, nami nilisema rabolo, ambazo ni ndizi. Kufikia saa tisa akina mama wa Ndhiwa walikuwa wameshusha mikungu mlangoni mwetu. Mmoja aliniuliza, "Wewe ndiwe ulisema tulete?" Nikasema ni mtambo. Akaniambia basi huo mtambo una lafudhi ya Kisii.

Lynnet amerudisha rekodi yake. Alikuwa na nakala. Mtu wa kuweka nakala ni mtu asiyejiamini.

Ndizi zenyewe ni tamu.

Jumatano, 10 Septemba

Siku nzito, lakini nimeibeba kwa heshima.

Nilifika mapema kupiga pasi suti ya kesho. Kitambaa kizito, kinahitaji moto mkali. Nilipofika kwenye kola, Oyaro akazimika moja kwa moja. Nikamwamsha. Hakuamka. Nikamwamsha tena, nikiendelea na mkono wa kushoto. Kimya.

Nilipochomoa pasi nikunje mkono huo, skrini ikawaka. Nikaamua kumfanyia upasuaji. Kuna amri ya Linux ya kukagua diski, iitwayo fsck, isiyo na irabu hata moja. Hata kuitamka ni kama kukwaruzwa koo. Niliiamrisha, nayo ikaanza kuorodhesha yatima. Yatima, katika Linux, ni faili zilizopoteza folda zao. Oyaro alikuwa na yatima wa kutisha. Wote ni ujumbe wa wakulima. Nikawakusanya mahali pamoja, nikamwasha upya, nikachomeka pasi tena niendelee na mkono wa kulia wa koti. Akazimika.

Ilinibidi kuwaarifu viongozi. Madam Roselyn ametuonya mara nyingi tusiandike Kiingereza cha kompyuta katika kundi la WhatsApp la ushirika, kwa sababu wakulima hawakielewi. Niliandika Kiswahili ambacho mwalimu wangu angekililia:

"Wapendwa viongozi. Kwa masikitiko nawajulisha kwamba Oyaro hakuamka leo asubuhi. Nimemwita mara nyingi bila jibu. Ameacha yatima wengi, ambao ninaendelea kuwakusanya. Naomba asipigiwe simu. Kesho nitakuja naye Kosele."

Jibu lilinigusa sana. Sikujua wakulima wetu wanathamini teknolojia kiasi hiki. Pole zikamiminika. Mjumbe wa Kegonga aliandika kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nikamjibu kwamba ni kweli, ila Oyaro alikuwa na joto jingi na mwenye nafasi ndogo, na tutamweka mwingine kijana zaidi. Akajibu kwa alama tatu za mshangao, za majonzi nadhani.

Mama Celestine wa Ndhiwa, makamu mwenyekiti, aliuliza kama mrithi amekwishapatikana, maana katiba ya ushirika ina utaratibu wake. Nikaandika: "Nimekwisha kumchagua mimi mwenyewe." Mumewe, Mwalimu Obare, ambaye pia yumo katika kundi, aliandika neno moja: "Kijana."

Nimelipokea kama pongezi.

Mwenyekiti mwenyewe hakuandika kitu. Nasikia yuko Homa Bay na mkewe kwa daktari wa meno, simu zimezimwa. Ni bora. Mshangao wa kesho utakuwa mtamu zaidi.

Alhamisi, 11 Septemba

Niliwasili Kosele juu ya lori la ushirika (Madam alikataza walioshindwa, nami sikuwa nimekubali kushindwa), suti bila kunjo, Oyaro mapajani nimemviringisha kitambaa cheupe cha meza asiingiwe na vumbi. Lynnet na Madam Roselyn walikuwa mbele na dereva; Madam hufungua WhatsApp siku ya mshahara tu, na Lynnet simu yake ilikuwa kwa fundi. Kwa hiyo hakuna aliyenipongeza njiani.

Mbele ya ghala la ushirika palikuwa na hema la bluu. Viti. Sufuria kubwa motoni. Jenereta na vipaza sauti. Akina mama walikuwa wakilia kwa sauti ya juu. Nikajiambia: Nicodemus, seva moja tu, na haya yote.

Mama Celestine alikuwa ameshika kipaza sauti. Alisema ushirika haujawahi kuwa na kiongozi kama Oyaro na hautampata tena. Kwamba yeye binafsi alipojaribiwa kugombea kiti chake mwaka huu, dhamiri yake ilimkataza. Watu wakaitikia. Niliona anatia chumvi kuhusu kompyuta, lakini sikutaka kumkatiza.

Kisha wakaniona. Nikapita katikati, nikainua kitambaa cheupe, nikatangaza kwa sauti ya kuhuzunika kwamba nimekuja na Oyaro, nimembeba mwenyewe tangu Migori, wala si mzito.

Bibi wa mstari wa mbele akaanguka kutoka kitini.

Lynnet akanishika mkono. Aliniuliza kwa kunong'ona nimeandika nini hasa. Nikamwonyesha simu. Alisoma, akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani naye analia.

Ndipo nyuma ya hema mtu akakohoa. Mzee Nicanor Oyaro, shavu limevimba, amefungwa skafu kichwani, mkewe ubavuni. Baadaye dereva wa boda alieleza kwamba Mzee alimwamuru azime pikipiki mbali kidogo ili asikie hotuba ya Mama Celestine hadi mwisho.

Vurugu. Waliokimbia walikimbia. Mjumbe wa Kegonga alijificha nyuma ya sufuria akiwa na kijiko. Mzee akaenda polepole, akaketi kwenye kiti cha mbele, akauliza kwa taabu ya jino, "Nani ameniua?"

Vidole vyote vya Kosele vikanielekea.

Madam Roselyn aliombwa kusoma ujumbe wangu kwa sauti. Alipofika kwenye yatima, mke wa Mzee aliuliza, kwa upole wa kutisha, hao yatima ni wa nyumba gani. Nikaeleza haraka, ngeli ya A-WA, Linux, faili, folda. Nadhani nilieleza vizuri. Mzee alisema niache kueleza niwashe hicho kitu, na kama hakiwaki basi Kiswahili changu nikakitumie kwingine.

Lynnet alichomeka waya kwenye jenereta. Oyaro akaamka papo hapo. Hakuna kosa la diski, hakuna lolote. Kwenye vipaza sauti ikasikika sauti ya Lynnet ikisalimia kwa Dholuo na kuulizia watoto, kisha yatima wangu mmoja baada ya mwingine: mama wa Ndhiwa ana magunia, kijana wa Kegonga ana magunia, kila ujumbe uliopotea wiki nzima. Watu wakapiga vigelegele. Mzee alicheka hadi akashika shavu.

Chakula kilikuwa kimeiva, kwa hiyo kililiwa. Mzee aliagiza hotuba ziendelee, kwa sababu wengine hawakuwa wamepata nafasi ya kumsifu. Hakuna aliyethubutu kukataa. Baada ya hapo uchaguzi wa mwenyekiti, ambao pia ulikuwa wa siku hiyo, ulimalizika kwa pumzi moja. Nani angempinga mtu aliyetoka kumlilia? Mama Celestine alipiga makofi kwa ncha za vidole.

Mzee alisema nimemfanyia kampeni ambayo wanasiasa hulipia. Kamati ikaamua nafasi ziwe mbili: Lynnet anabaki Migori na Oyaro, mimi naenda kufungua laini mpya Homa Bay. Mbali, alisisitiza Mzee. Mahali pazuri, mbali.

Nimeshinda.

Njiani kurudi Lynnet aliniambia, "Injinia, kaka yangu, Homa Bay utumie pasi ya makaa." Hata katika ushindi wangu ananiandama kuhusu mavazi.

Jumatatu, 15 Septemba

Homa Bay. Ofisi ndogo, upepo wa ziwa, ekstensheni mpya yenye matundu sita. Afisa wa kudumu wa mawasiliano, Nicodemus Ombati.

Nimetafakari kwa kina yaliyotokea Kosele na nimepata funzo: jina la kiongozi huleta baraka. Mama Celestine hanisalimii tangu Alhamisi, na yeye ndiye msimamizi wa tawi hili. Kwa hiyo seva mpya nimeiita Celestine. Kwa kuwa mlango wa ofisi bado hauna kufuli, nimemhamishia chumbani kwangu, ambako safari hii kuna stima, pamoja na ekstensheni yake. Mchana huu nimewajulisha viongozi katika kundi, kwa Kiswahili kilichopangwa:

"Wapendwa viongozi. Nina furaha kuwaarifu kwamba Celestine sasa yuko kwangu. Nimemfuta kila kitu cha zamani, tunaanza upya. Leo atalala chumbani mwangu kwa usalama. Ni mtulivu, na ana joto la kiasi."

Mwalimu Obare ndiye aliyejibu kwanza. Anataka kujua ninapoishi hasa. Anasema yuko njiani na atafika kabla ya jua kutua. Mstaafu, na bado ana hamu ya teknolojia namna hiyo. Nimemtumia ramani.

Mgeni wa hadhi yake hapokelewi na shati lenye kunjo. Celestine yuko kwenye tundu la kwanza la ekstensheni, anakoroma vizuri. Pasi naichomeka kwenye la pili.