Mdiria wa Dimbwi la Nyuma

Jumatatu, tarehe 4 Agosti
Nimetuma orodha yangu ya ndege kwenye kundi letu la simu la watazama ndege. Kunguru, njiwa, shomoro. Mfamasia akaniwekea alama ya vema. Basi! Yeye ndiye mhakiki wetu, orodha zote hupitia kwake. Mwalimu wa udereva naye kaandika bundi. Bundi, mchana kweupe! Mfamasia akamwuliza maswali matatu na kumalizia kwa kicheko. Kicheko! Mimi kila wiki nanunua dawa ya kikohozi dukani kwake, na wala sikohoi.

Kanuni ya kundi: akitajwa ndege wa ajabu, mhakiki huja kumwona kwa macho yake. Nimeisoma tena hiyo kanuni. Wazo limenijia.

Jumanne, tarehe 5
Nimeandika mdiria. Mgongo wa buluu, mdomo mrefu mwekundu, dimbwini nyuma ya karakana yangu. Dada yangu kachungulia simu, akasema dimbwi lile lina vyura na tairi bovu, hakuna kingine. Nikamwambia ashone mito, mambo ya ndege aniachie.

Amejibu! Ameandika: "Una uhakika, fundi?" Nimeisoma hadi simu ikazima. Anakuja Alhamisi akifunga duka.

Alhamisi, tarehe 7
Aibu. Fundi makochi mzima, na kwangu kuna vigoda tu. Lakini kochi la mwalimu wa udereva liko tayari, kitambaa cha kijani, sponji mpya. Tukalibeba hadi dimbwini. Dada akasema siku moja nitamtia wazimu.

Mfamasia akaja. Akakaa, akasifu kochi. Akanifundisha kusubiri ndege: kunyamaza, kutotikisika. Nikanyamaza. Mimi! Akaninong'oneza kwamba zamani alikuwa akihesabu ndege na baba yake, na tangu mzee afariki hajapata mtu wa kukaa naye kimya. Nilitamani jua ligome kuzama.

Mara mdiria akatua juu ya tairi. Mdiria wa kweli! Buluu, mdomo mwekundu, kila kitu! Mfamasia alikuwa ameinama, anatafuta miwani mkobani. Nikafikiri: nikimwonyesha, ataweka vema, ataondoka. Nikakohoa kwa nguvu. Ndege akaruka. Mfamasia akauliza ni nini kile. Nikasema vumbi. Akanionea huruma kwa kikohozi changu, akasema tujaribu tena kesho.

Kesho! Sijala, wala sisikii njaa.

Ijumaa, tarehe 8
Siku mbaya. Tumekaa vizuri, kimya, bega lake karibu na langu, mara mwalimu wa udereva huyo, kafuata kochi lake. Akalikuta limezama miguu kwenye tope! Akanirushia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Katikati ya tusi akakwama, akanyoosha kidole. Mdiria. Juu ya tairi. Hana haya ndege yule!

Mfamasia akaruka, akachukua darubini iliyoning'inia shingoni mwa mwalimu. Wakapokezana. Wakacheka. Mwalimu akapiga picha. Kisha mfamasia akanigeukia, macho yanang'aa, akaniomba radhi kwa kunitilia shaka. Kumbe nilikuwa msema kweli! Nikaitikia kwa kichwa.

Akafunga mkoba. Kazi ya kuhakiki imekwisha. Lakini kabla ya kupanda gari la mwalimu, aliyejitolea kumsogeza nyumbani, akanisogelea, akasema angekuja hata kwa kunguru, ningemwambia tu. Sikumwelewa. Kunguru wamejaa hata kwao, aje kwangu kufuata nini? Gari likaondoka. Nimebaki nalitazama dimbwi hadi mbu wakanifukuza. Tayari namkumbuka, na hata hajawahi kuwa wangu.

Jumapili, tarehe 10
Mwalimu kachukua kochi lake, kakataa kumalizia malipo.

Mchana ujumbe ukaingia. Wa kwake! Anasema Jumamosi hana kazi, anauliza huko kwangu kuna nini cha kutazama. Dada akasoma, akashika kiuno. Akasema niandike maneno mawili tu: njoo tukae. Akasema hata mtoto angeelewa.

Dada yangu hajui lolote kuhusu ndege. Mtu haji hivi hivi! Nimefikiri sana, nikaandika: "Mbuni. Wawili. Wanaogelea."

Nimeshatoa nje kochi la mteja mwingine.